Kufasiri Starehe za Watu

Kuna kazi za kufasiri ambazo ukizitaja watu wanakaa vizuri kwenye kiti. Sema unafasiri hati za mahakama, au maelezo ya dawa, au mikataba ya benki, utaona wanavyotikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikisema nafasiri maneno ya mapumziko na michezo ya theluji kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, wanacheka. Mhariri mmoja niliyefanya naye kazi Dar es Salaam alinitumia ujumbe wa sauti, kacheka mpaka akakohoa: "Mtoto wa Moshi, wewe na ski wapi na wapi?"

Swali lake ni la haki. Nimezaliwa chini ya mlima wenye theluji, lakini sikuwahi kuona mtu akiupanda kwa ajili ya kuteleza. Kifaransa nimekisoma ukubwani, chuo kikuu. Kiingereza changu ni cha shule na cha kazi. Nilipokuja Grenoble kwa shahada ya pili niliendelea kuandikia magazeti ya nyumbani, na malipo ya makala yakawa yanakuja kama mvua za vuli: leo zipo, kesho hazipo. Nikaanza kupokea kazi za kufasiri. Mji huu umezungukwa na milima, na vijiji vingi vya milima hiyo vinaishi kwa wageni. Basi kila mwaka, kuanzia Septemba, zinamiminika: ramani za miteremko, mabango, orodha za bei, taarifa za usalama, kurasa za tovuti. Huu ni mwaka wangu wa sita.

Katika miaka hiyo nimeacha kuyaona maneno haya kuwa mepesi. Nyuma ya neno la starehe kuna fedha ya mtu, au kazi ya mtu, au shingo ya mtu. Mfasiri asiyejua ni kipi kati ya hivyo kilichoko nyuma anaweza kuandika Kiingereza kisafi kabisa ambacho hakimsaidii yeyote.

Tuanze na fedha, maana ndiyo inayoanza hata kwa mgeni mwenyewe. Akifika kijijini anakutana na neno "forfait". Kiingereza kina "forfeit", neno linalofanana nalo kama pacha, na maana yake ni kitu unachonyang'anywa kwa kuvunja sharti. Lakini "forfait" ya mlimani ni ile kadi unayolipia mara moja ukapanda lifti zote za theluji kwa siku nzima au wiki nzima. Mwingereza anaiita "lift pass", Mmarekani "lift ticket". Hatua chache mbele kuna bango la "location de skis". Si mahali, ni kukodisha. Kijiji chenyewe kinaitwa "station", na huenda hakuna reli hata kilomita thelathini kutoka hapo. Kiingereza kinataka "resort". Halafu kuna "moniteur", ambaye ni mwalimu wa ski. Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tunamjua monita mwingine kabisa, yule anayeandika ubaoni majina ya wapiga kelele.

Wafaransa wenyewe wanayaita maneno ya namna hii "faux amis", marafiki wa uongo. Ila mimi naona marafiki hawa si hatari sana, kwa sababu ukishauziwa mbuzi kwenye gunia mara moja unajifunza kulifungua gunia. Wagumu zaidi ni wale waliobadilisha tabia njiani. Chukua "luge". Kwa Mfaransa, luge ni kile chombo cha kuteleza ambacho baba anamkalisha mtoto wa miaka minne, wanashuka kilima taratibu huku mama akipiga picha. Kiingereza kimelichukua neno hilohilo, lakini kwa msomaji wa Kiingereza luge ni mchezo wa Olimpiki: mwanariadha amelala chali, miguu mbele, anashuka kwenye mfereji wa barafu kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Ukiacha "luge" ilivyo kwenye tangazo la familia, umemwambia mgeni kwamba mtoto wake wa miaka minne atapelekwa huko. Kwa Mwingereza andika "sledging", kwa Mmarekani "sledding".

Na hapo ndipo unapogundua shida ya pili, kwamba hakuna Kiingereza kimoja. Watu wa nje wanadhani napeleka maneno kutoka lugha moja kwenda lugha moja. Ukweli nayapeleka kwenye nyumba mbili zenye mila tofauti. Kile chumba kikubwa kinachopanda kwenye waya, ambacho Mfaransa anakiita "téléphérique", Mwingereza anakiita "cable car" na Mmarekani wa milimani anakiita "tram". Kushuka mwamba kwa kamba, Mmarekani anasema "rappel", neno la Kifaransa tupu. Mwingereza anasema "abseil", neno la Kijerumani. Mashine nzito inayosawazisha theluji usiku ni "dameuse". Mmarekani anaiita "groomer", kana kwamba inachana nywele. Mwingereza anaiita "piste basher", kana kwamba inagombana na mlima.

Rangi ndizo zinazonikosesha usingizi zaidi. Ufaransa inapanga miteremko kwa rangi nne: kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Marekani ya Kaskazini wana duara la kijani, mraba wa buluu, almasi nyeusi, na almasi nyeusi mbili kwa wenye roho ngumu. Nyekundu hawana. Sasa fikiria Mmarekani aliyezoea kwamba baada ya buluu inakuja nyeusi. Anasimama mbele ya bango jekundu akiwaza: hii ni onyo, au imefungwa, au ni ya nani? Kamusi haimsaidii, kwa sababu "rouge" ni "red" na hakuna ubishi. Kinachomsaidia ni sentensi moja pembeni mwa ramani ya kumwambia nyekundu inakaa wapi kwenye ngazi. Sentensi hiyo haipo kwenye Kifaransa. Mfasiri lazima aiombe, na mteja lazima akubali kuilipia nafasi kwenye karatasi. Wengine wanakubali, wengine wanasema ramani imejaa.

Kwa sababu hiyo niliamua mapema kuacha kufasiri nikiwa mezani tu. Nilipanda juu. Si kuteleza, hapana, magoti yangu bado nayahitaji. Nilipanda kuongea na watu wa kazi. Wa kwanza alikuwa mzee anayesimamia ile lifti ya zamani inayokuvuta kwa fimbo iliyopita katikati ya mapaja. Jina lake rasmi ni "téléski", lakini kila mtu anaiita "tire-fesses", kivuta makalio. Yeye mwenyewe, kazi yake inaitwa "perchman". Neno hilo lina sura ya Kiingereza kabisa, lakini Mwingereza hajawahi kulisikia. Limeungwa na Wafaransa kutoka "perche", yaani fimbo, wakalitia "man" kama chumvi. Nilimwambia kwamba kwa Kiingereza nitalazimika kumwita "lift attendant". Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa, lakini fimbo yangu umeipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Kiingereza kilichukua kazi yake kikaacha fimbo yake, na mgeni aliyesoma tafsiri yangu alielewa bila tabu. Tafsiri nyingi nzuri ziko hivyo. Kitu fulani kinaachwa mlangoni ili mgeni aingie.

Lakini mzee yule alinifungulia jambo jingine. Alizaliwa Savoie, na bibi yake aliongea lugha ya huko ambayo si Kifaransa hasa. Wataalamu wanaiita Kifaransa-Provansali, wengine Arpitan, na wanaoiongea leo ni wachache. Aliniambia maneno ya bibi yake yako kwenye kamusi za Kiingereza. Nilidhani ni majivuno ya kijijini. Nilipokwenda kuangalia, kumbe mzee ana haki.

Neno "glacier", mto wa barafu, Kiingereza kililipata kwa kupitia Kifaransa kutoka kwenye lahaja hizo za Alps. "Avalanche", maporomoko ya theluji, nalo lina asili hiyohiyo. "Moraine", lile tuta la mawe ambalo barafu husukuma na kuliacha, lilikuwa neno la wakulima wa Savoie kabla ya Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva wa karne ya 18, kulitia kwenye vitabu vyake. "Sérac", mnara wa barafu unaotishia kuanguka, lilikuwa jina la jibini nyeupe. Barafu iliyokatika inafanana nayo. "Chalet" ilikuwa kibanda cha mfugaji anayepanda na ng'ombe malishoni kiangazi. Na hiyo luge tuliyoisema, kabla haijawa mchezo wa watoto, na kabla haijaingia Olimpiki mwaka 1964 huko Innsbruck, ilikuwa chombo cha kazi. Wanakijiji waliteremshia kuni na nyasi kavu za mifugo.

Waingereza walianza kufika bonde la Chamonix kutazama barafu katika karne ya 18. William Windham na Richard Pococke walipanda huko mwaka 1741. Walikuwa na lugha yenye vitabu na chapa na vyuo, lakini hawakuwa na majina ya vitu walivyoviona. Majina walikuwa nayo wawinda paa na wachunga ng'ombe waliowaongoza. Lugha kubwa ikalazimika kukopa kwa lugha ndogo, kwa sababu lugha ndogo ndiyo iliyokuwa imeishi na kitu chenyewe.

Sisi tunalijua hilo, au tungepaswa kulijua. Katika karne ya 19 Kiingereza kilichukua neno "safari" kwetu. Kwetu safari ni safari: unakwenda Tabora kumzika shangazi, ni safari, lori la mahindi liko safarini, mgonjwa anasafirishwa. Kiingereza kikaliminya likabaki gari lenye paa wazi na simba anayepiga miayo, na Kifaransa kikalifuata. Ni kama luge. Neno la watu wanaobeba mizigo likawa neno la watu wanaobebwa. Ndiyo maana nikikutana na neno la starehe siku hizi najiuliza kwanza: kabla ya mgeni kufika, nani alikuwa anafanya kazi na kitu hiki? Na sasa mgeni amefika, nani bado anafanya kazi?

Hata neno lenyewe la Kiingereza, "leisure", lina siri yake. Limetoka Kifaransa cha kale, "leisir", na mzizi wake ni Kilatini chenye maana ya kuruhusiwa. Kwa hiyo starehe, kwa asili ya neno hilo, ni ruhusa. Nilipolisoma hilo nilikumbuka ofisi zetu, ambako mtu hasemi anakwenda kupumzika. Anasema ameomba ruhusa. Ufaransa ruhusa hiyo ina tarehe. Mwaka 1936 serikali ya Front populaire iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo ya malipo kwa sheria, na Léo Lagrange akawekwa kusimamia michezo na mapumziko ya wananchi. Kwenye sentensi za Kifaransa "loisirs" bado linanukia mapambano hayo. Ukiandika "leisure" kwa Kiingereza, unasikia bwawa la hoteli. Mfano wake ni "classe de neige". Mwaka 1953 wanafunzi wa Vanves, karibu na Paris, walipelekwa La Féclaz, Savoie, wao na mwalimu wao: sehemu ya siku ni masomo darasani, sehemu ni theluji. Ukiifasiri "ski trip", umeiondoa shule na kubakiza matembezi. Mimi huandika maneno manne au matano mahali ambapo Kifaransa kina matatu, na mteja akilalamika kwamba ni marefu, namwambia mwalimu naye anahitaji nafasi kwenye basi.

Sasa nije kwenye shingo za watu.

Ulaya ina ngazi ya pamoja ya hatari ya maporomoko ya theluji tangu 1993, ngazi tano. Kwa Kifaransa ni "faible", "limité", "marqué", "fort", "très fort". Majira ya baridi ya mwaka juzi nililetewa bango la kupitia, lililofasiriwa na mtu mwingine au na mashine, sijui. Kwenye ngazi ya tatu waliandika "marked". Ukiuliza kamusi, "marqué" ni "marked", kazi imekwisha. Lakini Kiingereza rasmi cha ngazi ya tatu ni "considerable", na nilikataa kuliacha bango lile lilivyo.

Mteja aliniandikia baruapepe ya upole: je, si ni suala la ladha tu? Nikamjibu kwamba kwenye Kiingereza cha ski "marked" ina kazi nyingine tayari. "Marked run" ni mteremko uliowekewa alama, yaani njia halali, inayokaguliwa, ambayo mtu anapita akiwa na amani. Mgeni aliyechoka, miwani ina ukungu, akisoma namba 3 na "marked" pembeni yake, anaweza kudhani hatari yenyewe imewekewa alama, kwamba wenyeji wameishughulikia. Na namba tatu ni katikati ya tano. Macho yanasema "wastani". Kumbe ngazi hizo hazipandi sawasawa kama ngazi za nyumba. Kwenye ya tatu uzito wa mtu mmoja tu, akipita mahali pabaya kwenye mteremko mkali, unaweza kutosha kuifyatua theluji. Sehemu kubwa ya vifo vya maporomoko hutokea siku za namba tatu, kwa sababu siku za nne na tano watu wengi wanaogopa na kubaki ndani.

Nilimpigia simu mmoja wa wale waokoaji wa mlimani ambao Wafaransa wanawaita "pisteurs-secouristes". Nilimuuliza angelisema vipi neno "marqué" kwa mtu ambaye hajui Kifaransa. Akasema: "Mwambie siku ya tatu ndiyo siku ambayo ninalala na viatu karibu na kitanda." Hilo halikuingia kwenye bango. Lakini bango lilirekebishwa kabla ya kuchapwa, likasema "considerable" kama mabango mengine ya Ulaya, na herufi zikawa kubwa kuliko awali. Nililipwa kwa saa mbili. Sijawahi kufanya saa mbili zenye uzito kuliko hizo katika kazi hii.

Kwenye uandishi wa habari tunasema kosa la neno linaomba radhi kesho yake, ukurasa wa pili. Mlimani hakuna ukurasa wa pili.

Si kila vita nimeishinda hivyo. Kuna kijiji, sitakitaja, kilichonipa kazi misimu mitatu mfululizo. Miteremko yake ya chini haipati tena theluji ya kutosha kila mwaka, na hilo si ajabu. Joto limepanda, na milima ya chini ndiyo inayoumia kwanza. Wanatengeneza theluji kwa mashine. Wenye biashara hiyo Ufaransa hawapendi kuiita theluji ya bandia. Wanaiita "neige de culture", kama vile theluji iliyolimwa, kama mchicha. Si uongo hasa. Ni maji na hewa vinavyorushwa kwenye baridi, vinaganda. Lakini maji hayo yanatoka mahali. Lita elfu moja za maji zinatoa takriban mita mbili za ujazo za theluji, na mteremko mmoja unataka maelfu ya mita hizo. Ndiyo maana wanachimba mabwawa juu milimani. Mabwawa haya yana ugomvi wake. Huko La Clusaz mwaka 2022 wapinzani waliingia msituni kuzuia bwawa moja, na mahakama ya Grenoble ikausimamisha mradi kwa muda.

Kwenye ukurasa niliopewa kulikuwa na "neige de culture" na "retenue", bwawa. Nikaandika "machine-made snow" na "reservoir". Likarudi na maombi: kwa la kwanza waweke "fresh snow", kwa la pili "mountain lake". Ati wageni hawasafiri kuja kuona mashine. Niliandika barua ndefu kuliko ukurasa wenyewe. Nilisema "fresh snow" kwa Kiingereza ni theluji iliyoanguka jana kutoka mbinguni, na mtu anayelipia wiki moja kwa mshahara wa mwezi ana haki ya kujua imeanguka au imetengenezwa. Nilisema ziwa na bwawa ni vitu viwili, na Mfaransa mwenyewe hakuthubutu kuandika "lac". Mimi nisiseme kwa Kiingereza kile ambacho wao hawakuweza kukisema kwa Kifaransa.

Walikubali nusu. "Reservoir" ikabaki. Theluji ikawa "snow guaranteed", maneno ambayo hayakuwa yangu, yaliyoongezwa baada ya mimi kukabidhi. Msimu uliofuata hawakunitafuta. Ilikuwa karibu robo ya mapato yangu ya vuli, na ilinibidi niandike makala nyingi za soka la Ulaya kuziba pengo. Sijutii, ila nisiwadanganye kwamba haikuuma.

Neno la mwisho ninalotaka kulileta ni dogo, na halikugombaniwa na mtu. "Saisonnier". Huyu ni kibarua wa msimu: anayefua mashuka, anayeosha vyombo, anayesimamia lifti, anayekuja Desemba na kuondoka Aprili. Nyumba za vijijini zimepanda bei kwa sababu ya wageni, kwa hiyo wengine wanalala ndani ya magari yao, hapo hapo kwenye theluji ambayo wengine wameilipia. Waingereza wanalo neno linalofanana, "seasonaire", wamelitengeneza kutoka hilohilo la Kifaransa. Lakini seasonaire kwa kawaida ni kijana wa Kiingereza aliyepumzika kabla ya chuo au baada yake, anahudumia wageni asubuhi, anateleza mchana, anacheza muziki usiku. Anafanya kazi, sawa, lakini kwa wengi wao kazi ni tiketi ya starehe. Saisonnier wengi kazi yao ni kazi.

Halmashauri moja ilinipa waraka kuhusu makazi ya saisonniers. Ukiandika "seasonaires", msomaji wa London anaona sherehe, na anashangaa kwa nini fedha za umma zijenge mabweni ya sherehe. Nikaandika "seasonal workers". Ni neno kavu, halina ladha ya mlima. Nililichagua kwa sababu ya neno "workers" lililomo ndani yake.

Ninalo daftari la maneno haya, lenye safu tatu: Kifaransa, Kiingereza, na Kiswahili. Safu ya tatu hainilipi senti. Naijaza usiku, kwa hamu tu. Sehemu nyingi ni sentensi badala ya neno, kwa sababu sisi ski ni kuteleza, skate ni kuteleza, na mwenye kukanyaga ganda la ndizi naye ameteleza. Lakini mahali pengine Kiswahili kilikuwa kimekaa kinanisubiri. Ski ya masafa marefu, ile ya kutembea na kusukuma bila lifti, Kifaransa kinaiita "ski de fond", kwa neno lilelile la mbio ndefu. Kiingereza kinaiita "cross-country", ambayo sisi tunaijua vizuri: mbio za nyika. Basi nimeandika "ski za nyika". Na nani abishe? Mwaka 1998 huko Nagano, Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alishiriki kilomita 10 za mchezo huo akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mstarini amkumbatie. Boit baadaye alimwita mwanawe Dæhlie. Neno likivuka bahari kwa njia hiyo halihitaji kibali cha mfasiri.

Kwenye mstari wa "saisonnier" nilikaa muda mrefu. Kibarua wa msimu ni sahihi, na ndivyo nilivyoandika hapa ili unielewe. Lakini mimi ni wa Moshi. Mjomba wangu alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka kumi na minne, mahema yao, maji yao, viti vyao vya kukunja, na kwenye picha zao hayumo. Vitabu vya wageni vinamwita "porter". Wao wenyewe, kule geti la Machame na Marangu, wanaitana wagumu.

Nimeandika: mgumu.